Kwa wadogo zangu mnaohama kinanda kwenda pedi

Nimemwona tena kijana na pedi zake 64 (kifaa cha vitufe vya kupigia noti, 8 kwa 8), kawasha modi ya skeli, ile inayobakiza noti za kii moja tu, anaringa kwamba yeye hakosei noti. Hukosei, mdogo wangu, kwa sababu noti 5 kati ya 12 zimefichwa!

1. Zima hiyo modi. Weka kromatiki, yaani noti zote 12 kwa mfuatano, kila mstari uzidi ule wa chini kwa semitoni (hatua ndogo kabisa za noti) 5, yaani do hadi fa. Najua pedi zisizowaka, zile za noti zilizo nje ya kii, zinatisha. Mimi nilizikimbia muda mrefu, zikaja kunidai kwenye misa ya ndoa. Wimbo uko kii ya F, nami nimeweka F meja, nimetulia kuliko bwana harusi mwenyewe. Ubeti wa tatu wimbo unahamia C. Aliyekulia kwenye solfa anaijua ile fe, fa iliyopandishwa semitoni moja, inayofungua mlango wa kwenda so. Natafuta fe, haipo. Nikabonyeza fa, soprano wako semitoni moja juu yangu, mwalimu wa kwaya akanikata jicho. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikazama kwenye menyu kubadilisha kii, huku mkono mmoja unapapasa besi. Kumbe uhamaji wenyewe ulikuwa wa kupita tu. Nilipofanikiwa kuweka C, kwaya imesharudi F, nimebaki C peke yangu na spika zote mbili zinatangaza. Bibi harusi alicheka. Mama yake hakucheka.

2. Shika umbo, usikariri pedi. Mi iko mstari mmoja juu, pedi moja kushoto kwa do. So ni mstari uleule wa juu, pedi mbili kulia kwa do. Do ya juu ni mistari miwili juu, pedi mbili kulia. Kii zote 12, umbo ni hilo hilo. Wanakwaya hamna kisingizio, maana kwenye solfa do huhama kila siku. Ila do ikiwa safu ya kwanza kushoto, mi itafute kwenye mstari wake, pedi nne kulia kwa do.

3. Pedi 64 hapa ni noti 43 tu, nyingine ni marudio. Oktavu tatu na nusu, basi. Panga besi yako mapema.

4. Acheni kurukaruka mipangilio ya noti kwenye pedi. Leo Wicki-Hayden, mpangilio mwingine kabisa, kesho umeona video nyingine. Wicki ni tamu kweli: pedi ya kulia ni toni nzima, mistari miwili juu ni oktavu. Lakini umbo la mkono si lile, utaanza upya. Paul von Jankó alibuni kinanda chenye umbo moja kwa kii zote mwaka 1882, na wapiga piano wengi hawakutaka kujifunza upya. Siwalaumu. Chagua mmoja ukae nao; ukiwa na huu wa nne-nne (huu wa do hadi fa kila mstari), hata LinnStrument, ala ya pedi 200, utaikuta na umbo lilelile.

5. Kebo za USB beba mbili.