Mawazo Yakikujaa, Anza na Shida Moja

Mtu akiamka na kodi ya nyumba, ada ya mtoto, mzazi mgonjwa kijijini na mtaji uliokatika, ukimuuliza kinachomsumbua atakujibu: "Maisha." Hapo ndipo nguvu zinapomwishia, maana maisha hayana pa kushika.

Washona wa Zimbabwe huita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na wenye mawazo kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha afya. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573 katika vituo 24, ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na bibi waliofundishwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hatua zao unaweza kuzifuata hata nyumbani.

Shika daftari, simu iweke mbali. Andika kila kinachokuuma, kila kimoja na mstari wake. Usiandike "sina hela". Andika "nadaiwa kodi 60,000, mwisho tarehe 5". Usiharakishe hapa, kwa sababu shida isiyo na kiasi wala tarehe itakurudia usiku ikiwa imekua.

Kisha chagua moja, ile unayoweza kuigusa wiki hii, hata kama si kubwa kuliko zote. Iandikie njia zote unazozifikiria, uchague moja na kuipa siku na saa: "Jumamosi saa 1 asubuhi, kabla mwenye nyumba hajatoka, naenda na 20,000 mkononi, naomba 40,000 iliyobaki niilipe kwa wiki mbili." Ukienda na chochote mkononi unasikilizwa. Ukienda na ahadi tupu, mazungumzo yanaishia mlangoni.

Mipango mingi huharibika kwa sababu inamtegemea mtu mwingine: "kaka atatuma". Mingine hufa kwa kuwa hakuna wa kuuliza imefikia wapi. Kwenye benchi mtu hurudi kueleza, kwa hiyo nawe mwambie mmoja atakayekuuliza Jumapili bila kukuhubiria. Mwenye nyumba akikataa, usiiache shida hiyo ukarukia nyingine. Rudi kwenye njia ya pili uliyoiandika.

Wengi hutafuta sababu ya kuendelea usiku wa manane, wakiwa wamechoka, na hawaipati. Mara nyingi moyo hurudi baada ya mstari mmoja kukatwa kwenye daftari. Lakini kama unafikiria kufa au kujidhuru, hilo si la daftari. Usilale peke yako leo. Mwambie aliye karibu akupeleke hospitali sasa hivi.

Waliopita kwenye benchi Zimbabwe hualikwa pia kwenye vikundi, ambako wanawake hufuma mikoba kwa plastiki iliyotumika huku wakizungumza. Huku kwetu kuna vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa. Watu wengi huacha kwenda wiki wasiyo na pesa ya hisa, kwa aibu. Nenda hivyo hivyo, mweleze mwenyekiti mapema, ukae na wenzako. Wiki hiyo ndiyo unayowahitaji zaidi.