Tumbawe langu linabaki mifupa, niongeze dozi?

SWALI: Salaam fundi. Niko Dubai, nina tangi la maji ya bahari la lita 200 linaloelekea miaka miwili. Tumbawe langu la Euphyllia lenye vichwa sita limejikunyata wiki mbili sasa, na vichwa viwili vimebaki mifupa myeupe. Lilianza siku mbili baada ya kusafisha tangi na kubadilisha nusu ya maji, kwa chumvi ya kampuni nyingine maana niliyozoea iliisha dukani. Maji nimepima kwa vile vijikaratasi vya rangi, yote yako sawa. Muuzaji amenipa poda ya antibiotiki, nimeshamwaga dozi mbili. Niongeze ya tatu? Na kuna jamaa kaniambia nilioshe kwa maji ya bomba ili kuua wadudu, ni kweli? Picha nimeambatanisha.

JIBU: Usiongeze. Na maji ya bomba yasiliguse hata dakika moja. Tumbawe ni mnyama, na mnyama huyu amezoea chumvi. Ukimtia kwenye maji matamu seli zake zinafura na kupasuka, na hapo bado hujahesabu klorini.

Sasa tuje kwenye hilo neno “sawa”. Sipiti wiki bila kuletewa tumbawe linalokufa, na mwenyewe huanza kwa kuniambia maji yako sawa. Sawa ni ngapi? Na juzi ilikuwa ngapi? Alkalini, ile inayoandikwa dKH, ndiyo akiba ambayo tumbawe hujengea mifupa yake pamoja na kalsiamu. Tuseme tangi lako lilikuwa limeshuka hadi 7, jambo la kawaida matumbawe yanapokua. Zipo chumvi ambazo ukizikoroga hutoa 12. Nusu ya maji ya 7, nusu ya maji ya 12: umepanda hadi 9.5 kabla hujakausha mikono. Kijikaratasi kingekuonyesha kijani asubuhi na kijani jioni, maana namba zote mbili zimo ndani ya kiwango, ila tumbawe limerushwa vipimo viwili na nusu kwa siku moja. Euphyllia ikirushwa hivyo inaweza kuanza kuachia nyama. Kwa hiyo mshukiwa wangu wa kwanza ni ndoo yako mpya ya chumvi, na kwa mshukiwa huyo poda haina kazi.

Kabla hujanunua chochote, usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa moja hivi, chukua tochi na miwani ya kusomea. Sogea hadi pua iguse kioo. Tazama ukingo wa kila kichwa kilichobaki. Je, nyama imefunika mpaka nje ya mdomo wa mfupa, au imerudi ndani na zile bapa za mifupa zimetokeza kama meno ya msumeno? Hapa watu wengi hukosea, kwa sababu kuna weupe wa namna mbili. Tumbawe lililopauka limefukuza vijimwani vinavyoishi ndani ya nyama yake na kulilisha. Nyama ipo, ila unaiona kama plastiki ya kufungia chakula, mfupa unaonekana kwa ndani. Hilo ni hai, lina njaa, lipunguzie mwanga na lilishe. La pili ni mfupa mtupu, nyama imetoka. Viwili vyako ni vya namna hii, havirudi. Hoja ni vinne vilivyobaki.

Ukiona uteute wa kahawia uliolegea kama uji, na ukitoa kichwa nje kinanuka, hapo ndipo pa kukimbia. Huo huenea kichwa hadi kichwa kwa siku moja au mbili. Zima pampu, unyonye kwa mpira mwembamba uuelekeze kwenye ndoo ya kutupa (usiupulize ukasambaa), kisha kata matawi ambayo bado yana afya uyatenge. Sikuona dalili hiyo katika maelezo yako.

Muuzaji akikubishia kuhusu antibiotiki atakutajia Florida, na ana haki ya kuitaja. Tangu 2014 matumbawe ya huko yanasumbuliwa na ugonjwa wa kupoteza nyama, na wataalamu huyapaka amoksisilini. Huyapaka! Inachanganywa kwenye malhamu nzito, inakandikwa kwenye mstari wa kidonda, kwa ugonjwa uliokwisha tambuliwa, na hata hivyo tumbawe lilelile huweza kutoka vidonda vipya baadaye. Hilo halifanani na kijiko cha poda isiyo na jina ndani ya lita 200. Humo wamo bakteria wanaokuondolea amonia ya samaki, na dawa haiulizi nani rafiki.

Kwa hiyo leo pima amonia. Weka mkaa wa kuchujia. Tafuta kipimo cha matone cha alkalini, uandike namba kila siku saa ileile. Badilisha asilimia kumi tu ya maji kila baada ya siku mbili, na maji mapya yawe na alkalini iliyokaribiana na ya tangini, chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 au 26. Pampu ya mawimbi isilipige tumbawe uso kwa uso. Minyiri iyumbe, isilale upande mmoja. Basi. Liache hapo lilipo, usilihamishe kila siku ukilitafutia raha.

Ule utetezi wa huko Ghuba kwamba matumbawe ni sugu kwa joto nao naujua. Ya baharini ni sugu kweli, kiangazi maji hufika nyuzi 34 hadi 35 na yapo yanayoishi humo. Euphyllia za madukani nyingi zimetoka Indonesia au Australia, hazina habari na joto hilo.

Na kwa kuwa nyote mnasoma: mtu akikuuzia dawa ya tangi bila kukuuliza namba hata moja, amekuuzia chupa. Nimeona tangi zima la matumbawe likiisha kwa sababu samaki mmoja alikuwa na madoa meupe na mwenyewe akamwaga dawa yenye shaba. Samaki alipona. Konokono, kamba na matumbawe, vyote vilikwenda. Dawa ya samaki hutolewa kwenye tangi la pembeni, na poda yoyote isiyoandikwa kilichomo rudisha ilikotoka.

Picha yako imepigwa chini ya taa za bluu, kila kitu kinang’aa kijani na sioni nyama wala mfupa. Washa nyeupe, simamisha pampu, piga kwa ubavu, uitume pamoja na namba za siku tano.