Tofali za uyoga: zinabeba paa?
Ndugu, umeuliza kama tofali za uyoga, yaani mabua yaliyoshikanishwa na nyuzi za uyoga, zinaweza kubeba paa. Hapana. Ni nyepesi, zinazuia joto na kelele vizuri, lakini uzito huziponda na hunyonya maji. Mnara wa Hy-Fi wa New York, 2014, ulijengwa kwa tofali kama 10,000 za mabua ya mahindi na nyuzi za uyoga, ila ulikuwa wa msimu mmoja tu.

Shida kubwa ya kuzitengeneza ni usafi. Mabua yasipochemshwa sawasawa, ukungu wa kijani unawahi kabla nyuzi za uyoga hazijashika, nawe unatupa kila kilichomo kwenye kalibu. Na nyuzi zikishashika, oka tofali kwenye oveni ili kuvu ya uyoga ife. Tofali langu la kwanza nililianika kivulini. Likachipua uyoga sebuleni, mke wangu akauliza kama ndiyo mboga!