Jibu: Mpuliza saksafoni anakuja shuleni, afanye nini na watoto?

Mwalimu wa Mikindani, umeuliza mgeni wako afanyeje ili watoto wasiishie kukodoa macho. Hotuba ya historia aifupishe: Adolphe Sax, Mbelgiji, alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya saksafoni Ufaransa mwaka 1846, basi.

Aanze na tete. Achomoe kile kipande chembamba kinachofungwa kwenye kipande cha mdomo, wakishike, akirudishe, kisha apulize kipande cha mdomo peke yake. Kinalia kama bata. Watacheka hadi basi. Hapo wape bua la jani la mpapai lenye mpasuo karibu na ncha iliyoziba, wapulize wenyewe (lioshwe kwanza, utomvu wake si mchezo). Kazi ni ileile, kitu chembamba kinatetemeka na hewa inalia. Ndiyo maana saksafoni, pamoja na mwili wake wa shaba, haihesabiwi kundi moja na tarumbeta, isiyo na tete.

Halafu watoto wapige makofi ya sindimba, ngoma ya Wamakonde, mgeni ajibu kwa saksafoni. Mtoto mmoja aimbe mstari wowote, mgeni aufuatishe papo hapo. Hapa asiwe na haraka, hata wimbo aliouandaa usipopigwa.

Kupokezana kipande cha mdomo hapana, labda aje navyo kadhaa na maji ya sabuni.