Kikundi cha historia ya kijiji: anzeni na wazee, magofu yasubiri

Mdogo wangu, umesema kijiji chenu kiko jirani na Kilwa Kisiwani, mnataka kuanzisha kikundi cha historia, ila wazee wanawakwepa na vijana wenzako wana hamu ya kuchimba kwenye magofu.

Majembe yawekeni chini. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa namna hiyo. Tena kigae kikishatolewa bila kuandikwa kilikuwa kwenye kina gani na kando ya nini, kinabaki kigae tu. Mkikiona kimejitokeza, kipigeni picha, kiacheni palepale, mkamwone ofisa utamaduni wa wilaya.

Sasa wazee. Ukimwendea mtu na simu mkononi ukasema "tueleze historia ya kijiji", ataona unamtahini. Bibi mmoja wa kwetu alinifukuza mara mbili. Mara ya tatu nilikaa naye jamvini akisuka ukili, nikamuuliza tu kwa nini kile kisima cha chini kinaitwa vile. Loo! Akataja waliokichimba, waliogombea zamu ya maji, mpaka mtoto aliyetumbukia. Kurekodi nikaomba baadaye, akakubali.

Kwa hiyo ulizeni majina: visima, miembe, viunga, makaburi. Andikeni nani kasema na lini. Wakipingana, andikeni yote mawili. Sauti ziwekeni nakala mbili, maana simu huibwa. Na katiba ya kikundi isiwatoe jasho, itakuja.