Kuhusu Kiwanja Chako na Jumamosi Yetu ya Oaxaca

Mdogo wangu, umeniuliza kama uuze kiwanja chako cha Kashai, Bukoba, ili utufuate huku Meksiko, ukaongeza kwamba picha zetu za Jumamosi, tukiwa na watoto mbele ya altare ya dhahabu, zimekuthibitishia kwamba maisha yametunyookea. Nitakujibu kwa kukusimulia Jumamosi hiyohiyo, pamoja na yale ambayo picha hazikuyaonyesha.

Tulitoka kwa basi, maana gari hatuna, tukaanzia soko moja la hapa Oaxaca, jiji tunaloishi kusini mwa Meksiko, liitwalo 20 de Noviembre, yaani Novemba 20, siku ambayo Wameksiko huadhimisha mapinduzi yao ya mwaka 1910. Humo mna ujia wa wachoma nyama, ambao wenyewe huuita ujia wa moshi, na ukishaupita nguo zako hunuka mkaa mpaka zifuliwe. Nyama iliyokatwa nyembamba kama kitambaa unaichagua kwa mchomaji, vitunguu na pilipili unavinunua kwa mama mwingine, na chapati za mahindi kwa mwingine tena, kila mmoja akidai chake. Shemeji yako alidhani amekwisha kulipia vyote, akabishana na mama wa chapati kwa Kihispania chake cha kuombea maji, mpaka mwanetu mkubwa alipoingilia kati. Ndivyo tulivyo, ndugu yangu: mwaka wa tatu huu, na bado mtoto wa miaka tisa ndiye mkalimani wetu sokoni, benki na hata kwa daktari.

Katika soko jirani la Benito Juárez niliwakuta wanawake wanaouza panzi waliokaangwa kwa kitunguu saumu, chumvi na ndimu, wamejazwa kwenye mabeseni na kupimwa kwa kikombe. Si senene, wale panzi wa kwetu Bukoba; ni wadogo, wekundu, wana uchachu, na yale mafuta yetu hawana. Hata hivyo nilinunua vikombe viwili na kuvimaliza kabla hatujavuka barabara, huku binti yako mdogo akijifanya hanijui. Muuzaji alicheka, akaniuliza kama natoka Costa Chica, pwani ya Pasifiki wanakoishi Wameksiko weusi, ambao katiba ya nchi iliwatambua kwa jina mwaka 2019 tu. Swali hilo naulizwa kila mara, na nikikana hutajwa Cuba, kisha Haiti; Tanzania haijapata kumjia mtu. Sijatukanwa, lakini kutazamwa kunachosha, na watoto wamechoka kushikwa nywele na watu wasiowajua.

Ugali nao uusahau kidogo. Mahindi asili yake ni huku, lakini unga wao hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na siku niliposonga ugali kwa unga huo tuliula kwa adabu tu.

Mchana tuliingia kanisa la Santo Domingo, na hapo ndipo zilipopigwa picha zako. Nje ni jiwe lenye rangi ya kijani iliyofifia, la kawaida tu. Ndani dhahabu imepanda kuta mpaka dari, na karibu na mlango umechongwa mzabibu ambao matawi yake yamebeba watu wa ukoo wa Mtakatifu Dominiko. Katika karne ya 19 serikali ilipoyanyang'anya makanisa mali zao, wanajeshi waliligeuza kambi. Nilikaa humo muda mrefu kuliko wenzangu, nikisali kwa Kihaya, kwa kuwa Misa ya Kihispania bado naifuata kwa kubahatisha.

Dhahabu hiyo si yetu. Shemeji yako anafundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kibali changu hakiniruhusu kufanya kazi, na siku hiyo, kabla ya kuwanunulia watoto barafu ya maziwa yaliyounguzwa katika uwanja wa kanisa la Bikira Maria wa Upweke, tulihesabu kwanza nauli ya kurudi. Kwa hiyo kiwanja usikiuze. Njoo utembee mwezi Desemba, kwani sikukuu ya Bikira huyo ni tarehe 18 na jiji zima hutoka nje, na utuletee sembe kilo mbili. Senene ningewaomba pia, ila sidhani kama watu wa forodha watawapitisha.