Maswali ya Wafugaji: Kutambua Jinsia ya Kifaranga kwa Rangi

SWALI: Ninatotolesha vifaranga wa kuuza, na wateja wengi wanataka majike tu. Nina majogoo wawili weusi wa Malawi na matetea wa kienyeji, baadhi yao wana michirizi myeusi na myeupe. Naweza kupata vifaranga wanaotofautiana kwa rangi tangu siku ya kwanza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Unaweza, tena bila kununua kuku mwingine. Chagua jogoo mweusi tii, asiye na hata unyoya mmoja wenye michirizi, umfungie na matetea wenye michirizi peke yao, wanane hadi kumi. Vifaranga watatoka weusi. Mwenye doa jeupe au la manjano hafifu utosini ni dume, asiye na doa ni jike. Wakiota manyoya, madume watakuwa na michirizi kama mama yao na majike watabaki weusi, pengine na wekundu kidogo shingoni.

Siri iko kwa mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) Z mbili, tetea ana Z moja na W moja, na jeni ya michirizi, yaani chembe inayorithisha rangi hiyo, inakaa kwenye Z. Ile Z moja ya tetea huenda kwa watoto wa kiume tu. Binti hupewa W, kwa hiyo rangi hii anairithi kwa baba. Ukigeuza, yaani jogoo halisi wa michirizi kwa matetea weusi, vifaranga wote watapata doa na hutaambulia kitu.

Kabla ya kuwatenga, ng'oa unyoya mmoja mgongoni mwa kila tetea. Unaotakiwa una mistari inayouvuka kutoka upande hadi upande, mweusi kisha mweupe, kuanzia ncha hadi karibu na ngozi. Kuku mwenye nukta nyeupe kwenye ncha za manyoya tu hafai, hata kama kwa mbali anafanana na wenzake. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kosa la pili ni haraka. Mbegu za jogoo wa zamani zinaweza kubaki hai ndani ya tetea wiki mbili hadi tatu. Subiri wiki tatu tangu umtoe ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolesha.

Siku ya kutotoa, ngoja vifaranga wakauke, kisha wakague kwenye mwanga mzuri. Usidanganywe na weupe wa tumboni au kwenye ncha za mabawa, maana hata majike wanao. Tazama utosi tu, na doa dogo kama punje ya mtama nalo ni doa. Ukisita, angalia miguu: mara nyingi ya jike ni myeusi zaidi. Kundi la kwanza usiliuze kwa ahadi ya majike. Wafunge uzi mguuni kwa rangi mbili, uulegeze kadiri wanavyokua, halafu wahakiki kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, panga za kichwani za madume zinapokuwa nyekundu.

SWALI: Nilinunua vifaranga wa ISA Brown, kuku chotara wa mayai, wakaja na madume wachache weupe. Nikiwapandisha na dada zao, nitaendelea kupata majike wa kahawia na madume weupe? (Msomaji, Kiambu)

JIBU: Hapana. Rangi ile hufanya kazi kizazi kimoja tu. Dume lako limebeba jeni ya fedha (ya weupe) kutoka kwa mama na ya dhahabu (ya kahawia) kutoka kwa baba, na hutoa yoyote kati ya hizo mbili kwa mtoto yeyote. Utapata weupe na wa kahawia katika jinsia zote, na utagaji utashuka pia. Ukitaka kuku wa kuendeleza mwenyewe, tafuta aina zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Cream Legbar, matunda ya kazi ya wataalamu wa urithi R. C. Punnett na Michael Pease huko Cambridge, Uingereza. Dume lake hubeba michirizi mara mbili, hivyo hutoka amepauka. Jike ana mistari myeusi inayoonekana wazi mgongoni. Hilo hurudi kila kizazi, mradi usimchanganye na kuku mwingine.

SWALI: Nina jogoo mwekundu wa aina ya Rhode Island Red na matetea weupe wa Leghorn. Mbona vifaranga wote ni weupe? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Leghorn mweupe ana jeni nyingine ya weupe, yenye nguvu, inayofunika rangi zote kwa watoto wa kike na wa kiume. Jogoo wako hana tatizo, badilisha matetea. Light Sussex, yule mweupe mwenye shingo na mkia wenye weusi, anafaa sana: madume hutoka manjano yaliyopauka, majike hutoka wekundu au kahawia. Akitokea wa rangi ya katikati, muweke kando, usikisie.

SWALI: Ni kweli yai lililochongoka hutoa jogoo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Si kweli. Umbo la yai hutokana na mrija wa uzazi wa tetea, na tetea mmoja hutaga mayai ya umbo lake lilelile, atoe majike au madume. Mayai yaliyochongoka kupita kiasi yaondoe kwa sababu nyingine: hayatotoi vizuri.